Mkopo wa chuo, kadi ya riba sifuri na jina la mjomba

Kila mwaka graduesheni za Mei zikiisha hapa Texas simu zinaanza kuingia. Mdogo wangu fulani kamaliza nesing, mkopo anao, na kwenye boksi la posta kakuta barua ya benki inamwambia hamishia deni lako kwetu, riba asilimia 0 kwa miezi 18, sasa anataka kujua kama inawezekana achukue ule mkopo wa chuo wote autupie kwenye kredit kadi awe analipa mdogo mdogo bila riba. Balansi transfa, ndo wanavyoiita. Na mi huwa sijibu ndiyo wala hapana, naanzaga na swali: huo mkopo wako ni wa federali au wa praiveti? Aisee, wengi hawajui. "Kaka, mkopo si mkopo tu?" Hapana mdogo wangu, na kama hujui jibu la hilo swali basi hiyo barua ya benki irudishe kwenye bahasha yake kwanza tuongee.

Mkopo wa federali ni ule ulioupata kwa kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa pesa za chuo. Anayekudai ni serikali ya Marekani, Wizara ya Elimu, hata kama kampuni inayokutumia bili ina jina jingine kabisa. Kuupata lazima uwe raia, au una green card, au uko kwenye makundi machache mengine kama wakimbizi. Wa praiveti ni wa benki au kampuni ya fedha, na huko ndo tunakoangukia wengi tuliokuja na viza ya F-1, maana FAFSA mwanafunzi wa kigeni haimhusu na benki haimjui ni nani, kwa hiyo inataka mtu mwenye historia ya kredit, yaani kumbukumbu za kukopa na kulipa, hapa hapa asaini naye. Kosaina, mdhamini kwa lugha ya nyumbani. Mimi nimewahi kuwa na mikopo ya aina zote mbili: mwanzo nilisoma kwa F-1 kwa pesa ya praiveti aliyosaini mjomba, kaka yake mama, baadaye makaratasi yakakaa sawa nikahamia komyuniti koleji halafu chuo cha jimbo, na huko nikajaza FAFSA kama watoto wa wenyewe. Ukitaka kujua wako ni upi ingia studentaid.gov, mikopo yako ya federali iko pale, na ule usioukuta pale kwa kawaida ni wa praiveti.

Sasa tuanze na wa federali, maana huu jibu lake ni fupi: usiuguse. Yaani usiuhamishie kwenye kadi hata kama benki inakubembeleza. Najua mtu akisikia riba sifuri masikio yanafunga hapo hapo, kwa hiyo ngoja nieleze.

Ule mkopo una haki ndani yake ambazo hazionekani kwenye bili. Kipato chako kikishuka unaweza kuomba malipo yapangwe kulingana na mshahara, na mtu asiye na kipato malipo yake yanaweza kushuka mpaka karibu na hakuna. Ukiumia ukawa mlemavu wa kudumu usiyeweza kufanya kazi, unaweza kufutiwa. Ukifa, unafutwa, hakuna anayepigiwa simu. Halafu kuna PSLF, mpango uliowekwa kwa sheria ya 2007, ambao ukifanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida na ukalipa malipo 120 yanayohesabika, ambayo ni kama miaka kumi, kinachobaki chote kinafutwa. Na jamani tuambiane ukweli, sisi Waafrika Mashariki hapa tumejazana wapi kama sio hospitali? Hospitali nyingi sana za Marekani zimesajiliwa kama taasisi zisizo za faida. Nesi wa hospitali kama hiyo, yuko mwaka wa nne wa malipo yake, anakuja kuniuliza kuhusu kadi ya miezi 18! Dada, umeshatembea karibu nusu ya safari ya kufutiwa, halafu unataka kushuka garini ulipe nauli upya kwa mtu mwingine. Siku ile deni linalipwa na kadi, linakuwa sio mkopo wa mwanafunzi tena, ni deni la kadi kama la viatu na televisheni, na hakuna mlango wa kulirudisha federali.

Ni kweli sheria zenyewe zinavurugwa vurugwa. Mpango wa SAVE, mmoja wa ile ya kulipa kulingana na kipato, ulizuiwa mahakamani 2024, na sheria ya Julai 2025 imepangua mipango ya malipo upya, watu wamechoka kusoma barua. Lakini kumbuka korona. Machi 2020 serikali ilisimamisha malipo ya mikopo yake na kuweka riba sifuri, na ile sifuri ikaendelea mpaka Septemba 2023. Miaka mitatu na nusu! Bila ada, bila aplikesheni, bila kuchunguzwa kredit. Aliyekuwa amehamishia mkopo wake wa federali kwenye kadi mwaka 2019 ili "akwepe riba" hakupata hata senti ya ule unafuu, alikaa na deni la kadi anawaangalia wenzake wanapumua. Na wa praiveti pia sheria ile haikuwagusa, mimi ule upande wangu wa praiveti niliendelea kulipa kama kawaida huku ule mwingine umelala.

Haya, wa federali tumemaliza. Tuje kwenye praiveti, huku ndo kuna mazungumzo.

Mkopo wa praiveti hauna hizo haki za serikali. Riba yake mara nyingi inapanda na kushuka na soko, na kwa mtoto wa F-1 asiye na historia inaanza juu. Wangu ulipofika kwenye kama dola elfu sita hivi riba ilikuwa imepanda mpaka asilimia 11. Elfu sita tu nakumbuka nilikuwa naitazama kwenye apu nasema ng'ombe mzima nimemla, mkia ndo unanishinda? Na kwa maoni yangu hapo tu, kwenye mkia, ndo balansi transfa ina kazi. Sio kwa deni la elfu arobaini. Kwanza benki haikupi limiti hiyo, ukiwa mgeni kwenye kredit unaweza kupewa limiti ya elfu tatu au elfu tano, na mara nyingine sehemu tu ya hiyo limiti ndo unaruhusiwa kuhamishia deni, na unajua limiti yako baada ya kuaplai, sio kabla. Mwenye deni kubwa la praiveti na kredit nzuri aangalie kurifainansi, yaani kampuni nyingine inakulipia deni na kukupa mkopo mpya wa riba ndogo isiyobadilika kwa miaka mitano au saba, nyingi hazikati hata ada. Kadi ni ya mtu ambaye akikaa na daftari anaona kabisa hili deni naweza kulimaliza ndani ya muda wa ofa, kwa mshahara wangu huu huu, bila kuombea ovataimu.

Nimesema daftari. Twende na hesabu maana humu ndo watu wanadanganywa na wengine wanajidanganya wenyewe.

Deni dola 6,000, riba asilimia 11, unataka ulimalize kwa miezi 18. Mtu anafanya hesabu ya haraka: asilimia 11 ya 6,000 ni 660 kwa mwaka, mwaka na nusu ni 990, kwa hiyo kadi ya sifuri itaniokolea karibu elfu. Hapana. Unapolipa kila mwezi deni linapungua, na riba inahesabiwa kwenye kilichobaki tu. Ukilipa huo mkopo hapo hapo ulipo ili uishe kwa miezi 18, unalipa kama 363 kwa mwezi, na riba yote mpaka mwisho ni kama dola 536. Sasa kadi nayo sio bure, kuna ada ya kuhamisha, kawaida ni kati ya asilimia 3 na 5 ya kiasi unachohamisha na inaongezwa kwenye deni siku hiyo hiyo. Kwa asilimia 3 ni dola 180, deni linakuwa 6,180, ukigawa kwa miezi 18 unapata 343 na senti. Kwa hiyo faida yako ya kweli ni 536 kutoa 180, dola 356. Ada ikiwa asilimia 5, unatoa 300, unabaki na 236.

Ni pesa, sikatai. Dola 236 mtu anatuma nyumbani mama anaezeka jiko. Lakini sio elfu moja, na mtu anayekuja kwako kakodoa macho eti kadi itamwokoa lazima aione hiyo namba kwanza.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo uiweke kwenye mkopo wa federali wa asilimia 5.5, ile riba ya waliokopa digrii ya kwanza mwaka wa masomo 2023/24. Elfu sita kwa miezi 18 riba yake yote ni kama dola 265. Kadi ya ada ya asilimia 5 inakukata 300. Yaani umehama kutoka kwenye mkopo wenye haki zote zile, umelipa nauli 300, kukimbia riba ya 265. Halafu unaambiwa umepata ofa.

Na hiyo yote ni kama umelipa 343 kila mwezi bila kukosa. Bili ya kadi haikuombi 343. Bili itakuja imeandikwa kiwango cha chini cha kulipa, dola 62 hivi kwa kadi nyingi zinazodai asilimia 1 ya deni wakati wa ofa, na hiyo 62 imeandikwa kwa wino mzito pale juu ili uione wewe mtu uliyetoka shifti ya usiku. Ukiifuata hiyo, miezi 18 inaisha bado unadaiwa kama 5,150, ofa imekufa, riba inaruka kwenye ile ya kawaida ambayo kwa kadi nyingi siku hizi iko juu ya 20. Tuseme 24. Hapo mwezi wa kwanza tu riba ni dola 103, wakati ule mkopo wako wa zamani wa asilimia 11 ulikuwa unakula 55 kwa mwezi ukiwa bado mzima. Kukopa harusi kulipa matanga, wahenga hawakuijua kredit kadi lakini waliwajua watu. Mimi niliweka otopei, malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi, ya kiwango changu mwenyewe nilichokigawa, sio cha benki, nikaipeleka siku mbili baada ya mshahara kuingia, na bili sikuwa naisoma zaidi ya kuangalia kama imekatwa.

Hapo kuna kitu kimoja kinachanganya watu na lazima nikiseme. Kuna riba sifuri ya kweli na kuna ile ya madukani. Ya kweli, ofa ikiisha riba inaanza kuhesabiwa kwenye kilichobaki, basi. Ya madukani, zile kadi za duka la fanicha zinazosema hakuna riba kama ukimaliza lote ndani ya miezi 12, ukibakiza hata dola kumi wanarudi nyuma kukuhesabia riba ya mwaka mzima tangu siku ya kwanza. Balansi transfa za benki kwa kawaida ni ile ya kwanza, lakini soma.

Sasa niseme kwa nini mimi nilihamisha, maana kwa hizo dola mia tatu hamsini na kitu pengine nisingejisumbua.

Mjomba wangu anaendesha lori. Yuko Marekani kabla sijazaliwa, au karibu na hapo, na mi nilipopata chuo ndiye aliyesaini, hakuuliza mara mbili, alisoma kurasa mbili za mwanzo akasema mjomba nionyeshe wapi. Kitu ambacho wengi hatukielewi tukiwa na miaka 19 ni kwamba mdhamini wa mkopo wa Marekani sio kama mdhamini wa barua ya kazi nyumbani, yule wa kusema namfahamu kijana huyu ana tabia njema. Huyu deni ni lake. Lote. Linakaa kwenye ripoti yake ya kredit kama amelikopa yeye, ukichelewa wewe anachafuka yeye, na benki yoyote anayoenda kuomba pesa inahesabu malipo yako ya mwezi kama mzigo wake.

Mimi sikujua kama lilikuwa linambana. Yeye hawezi kuniambia, mjomba gani anamwambia mtoto wa dada yake hivyo. Aliyeniambia ni mke wake, anti, tena kwa pembeni, nimeenda kwao Jumapili namsaidia kutoa vyombo mezani akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, mjomba wako aliomba mkopo wa lori lake mwenyewe, wakamwambia madeni yake kwa mwezi ni mengi, kuna la shule humu. Basi. Akaendelea kufuta meza. Mi nikarudi sebuleni nikakaa naye tunaangalia mpira, nikasema mjomba shikamoo tena, akacheka, marahaba we mtoto si umeshaniamkia mlangoni?

Wiki ile nikapiga simu kwenye kampuni inayonidai kuuliza kuhusu kumtoa mdhamini. Kwenye mkataba imeandikwa inawezekana ukilipa idadi fulani ya malipo mfululizo kwa wakati. Nikaaplai, nikakataliwa, barua ya aya moja isiyoeleza kitu. Nikadhani ni mimi, kumbe ni kawaida, ile taasisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilitoa ripoti 2015 ikasema waliokuwa wanaomba kumtoa mdhamini kwenye mikopo ya praiveti asilimia 90 walikuwa wanakataliwa. Tisini!

Halafu kuna suala la kifo, samahani lakini tuongee. Sisi hapa mtu akifariki tunachanga, kila ukumbi unachangisha, tunasafirisha mwili, tunapiga picha airport. Nani anauliza marehemu alikuwa na mkopo gani na nani alisaini? Wa federali unakufa naye. Wa praiveti wa zamani, benki iliweza kumgeukia mdhamini alipe wakati matanga hayajaanuliwa, na kuna mikataba ambayo mdhamini ndiye akifa benki inadai deni lote kwa mkupuo hata kama mwanafunzi hajawahi kuchelewa. Sheria ya 2018 ilibadilisha hilo, lakini kwa mikopo iliyosainiwa kuanzia Novemba 20, 2018. Wangu ulikuwa wa kabla. Nikakaa nikafikiria naendesha barabara ya I-45 usiku narudi kutoka kazini kila siku, na mjomba yuko barabarani na tani zake.

Kadi haina mdhamini. Ukihamishia deni kwenye kadi iliyo kwa jina lako peke yako, ule mkopo unalipwa unaisha, na jina la pili linaanguka. Hapo ndo hesabu yangu ilipogeuka, hata kama ada ingemeza faida yote ya riba mimi ningefanya.

Sasa namna inavyofanyika, maana sio kubonyeza kitufe kimoja.

Benki nyingine ukiaplai kadi wanakuwekea fomu onlaini unajaza jina la anayekudai na namba ya akaunti wanamlipa wenyewe, lakini nyingine hazikubali mkopo wa shule kwenye hiyo fomu, wanataka deni la kadi tu, kwa hiyo uliza kabla ya kuaplai, sio baada. Njia nyingine ni cheki. Ile barua ukiifungua ina karatasi ndefu, juu maelezo, chini cheki tatu zimeungana zina matundu ya kuchania, na mgongoni mwa ile karatasi kuna jedwali la maandishi madogo. Hilo jedwali ndo barua yenyewe. Humo utaona riba ya ofa, inaisha tarehe ngapi, cheki itumike kabla ya tarehe ngapi, ada asilimia ngapi, na kama cheki hiyo inahesabiwa ni uhamisho wa deni au ni kuchukua keshi. Ikihesabiwa keshi umekwisha, keshi ya kadi ina riba yake kubwa na inaanza kula siku hiyo hiyo. Wangu ilikuwa imeandikwa wazi uhamisho, lakini nilipiga simu bado nikamwambia dada wa upande wa pili anisomee yeye kwa sauti yake.

Cheki unaandika kwa jina la kampuni inayokudai na namba ya mkopo chini. Lakini usiandike ile namba unayoiona kwenye apu. Riba ya mkopo inahesabiwa kila siku, kwa hiyo unawaomba kiasi cha kufungia deni mpaka tarehe fulani, tuseme siku kumi au kumi na tano mbele, na unaandika hicho. Cheki ikifika pungufu ya dola kumi na nne, mkopo haujafungwa, unabaki wazi na dola kumi na nne zake, wewe umeshafurahi umefuta apu kwenye simu, na baada ya miezi miwili mjomba ana alama ya kuchelewa malipo kwa ajili ya bei ya baga. Na wakati cheki iko njiani, inaweza kuchukua wiki mbili hata tatu, malipo ya mwezi wa mkopo wa zamani yakifika lipa kama kawaida. Ukizidisha watakurudishia.

Kulipa mkopo moja kwa moja kwa kadi kama unavyolipa mafuta sahau, kampuni za mikopo kwa kawaida hazipokei. Kuna makampuni ya katikati yanayopokea kadi yako halafu yanatuma cheki, yanakata karibu asilimia 3, na benki yako inaweza kuamua kuihesabu vingine kabisa. Mi sipendi watu wa katikati.

Ukishahamisha, kadi hiyo usinunulie kitu. Hata maji. Sio ushauri wa kidini, ni hesabu: ukibeba deni kutoka mwezi hadi mwezi kwa kawaida unapoteza zile siku za mwanzo za manunuzi zisizo na riba, kwa hiyo kila unachonunua kinaanza kula riba ya asilimia ishirini na kitu papo hapo, isipokuwa kama ofa yako imetaja manunuzi pia. Sheria ya kadi ya 2009 imekusaidia kidogo hapo, inasema unacholipa zaidi ya kiwango cha chini kiende kwanza kwenye deni la riba kubwa, ambayo ni sawa, ila maana yake zile pesa zako za kumaliza mkia zinaenda kulipia vocha na chipsi kuku. Sheria hiyo hiyo inasema ofa lazima idumu walau miezi sita, na benki haiwezi kukupandishia riba kwenye deni ulilonalo ndani ya ofa mpaka uwe umechelewa siku 60. Kabla ya hapo kuna faini ya kuchelewa tu. Mimi kadi niliifungia kwenye boksi la pasipoti.

Kitu kingine, skoo yako ya kredit, ile alama benki inayoangalia kabla ya kukukopesha, itashuka. Mtu anashtuka, nimelipa mkopo halafu skoo imeshuka? Ndiyo, kwa sababu limiti yako ni 8,000 na umeiwekea 6,180, kadi iko karibu kujaa, na mfumo hauangalii kwamba uko kwenye mpango mzuri. Inapanda kadri unavyolipa. Kwa hiyo kama una mpango wa kuomba mkopo wa nyumba mwaka huu, subiri, au fanya kwanza nyumba. Na wale wanaosema nitahamisha tena ofa ikiisha, kutoka kadi hadi kadi, kila ruka ni ada nyingine ya asilimia 3 mpaka 5 na hakuna mtu aliyekuahidi kwamba miezi 18 ijayo utapewa kadi nyingine. Benki ile ile pia haikuruhusu kuhamisha deni lake kwenda kadi yake nyingine.

Kuna waliokopa nyumbani pia na wanaulizaga humo humo, niwajibu haraka. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, riba yake ni asilimia 4, kadi ya ada ya asilimia 5 unaihamishia nini? Tatizo la HELB ni ile faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayekaa kimya, kwa hiyo usikae kimya, panga nao malipo. HESLB, bodi ya Tanzania, ilishaondoa 2021 ile asilimia 6 ya kulinda thamani na ile penalti ya asilimia 10, kwa hiyo aliyekimbia zamani akadhani deni limeshafika mwezini aangalie upya. Na ndugu zetu wa Uingereza, nyie mnakatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani cha mshahara na miaka ikifika linafutwa, hata msifikirie kadi, nyamazeni mlale.

Halafu kuna watu wa mchezo. Kina mama wetu hapa wana upatu wa watu kumi kumi, dola mia tano kila mwezi, na nina dada namfahamu alimaliza mkopo wake wa praiveti kwa zamu yake ya upatu, elfu tano mkononi, riba sifuri, ada sifuri, na hakuna maandishi ya mgongoni. Ingawa ukikimbia huo hutatafutwa na mahakama, utatafutwa na anti zako, na sijui kipi bora.

Kwa upande wangu, mkopo ulipofungwa niliomba barua ya kuthibitisha deni limelipwa lote, kampuni ikatuma, nikamtumia mjomba nakala kwa WhatsApp. Akajibu kwa dole gumba. Lakini barua haitoshi, na hapa wengi wanaachia njiani. Mwambie mdhamini wako aingie annualcreditreport.com achukue ripoti zake, ni bure na siku hizi unaweza kuchukua kila wiki, za ofisi zote tatu zinazotunza kumbukumbu za kredit, aangalie kama ule mkopo umeandikwa umefungwa na salio ni sifuri kote kote. Ya mjomba ofisi mbili zilikuwa sawa, ya tatu bado inaonyesha anadaiwa. Tukakaa mezani kwake, anti akaleta chai na chapati, tukajaza dispyuti, yaani pingamizi, onlaini tukaambatanisha ile barua. Wana siku 30 za kuchunguza na kujibu, wakijibu ovyo unarudisha tena na barua ile ile, na kila kitu unachowatumia unabaki na nakala.